Kwao Kwenye Turubai: Wachoraji Waliohama na Kuta za Maktaba

Baadhi ya picha za rangi zinazojulikana zaidi kuhusu maisha ya kijijini katika Afrika Mashariki zilichorwa na watu ambao, wakati wa kuzichora, walikuwa mbali na kijiji hicho. Mchoraji aliyezaliwa chini ya Mlima Kilimanjaro aliichora migomba ya kwao akiwa Kampala na London, na mwingine aliyezaliwa kwenye vilima vya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, aliendelea kuwachora ng'ombe wa kwao miaka mingi baada ya kuwa mkazi wa Nairobi. Jambo hili halikutokea kwa bahati tu, kwa sababu mtu anayekiona kisima cha kwao kila asubuhi hana haja ya kukikumbuka, ilhali aliyeondoka hulazimika kuchagua ni kitu gani hasa anachokikumbuka, na uchaguzi huo ndio mwanzo wa picha. Makala haya yanaieleza sanaa ya namna hiyo, yanaonyesha kwa nini maktaba ya umma ni mahali panapoifaa kuliko duka la picha, na yanatoa hoja kwamba wakazi wa mji wa Bute, ulioko Wajir Kaskazini, na wa Kaskazini Mashariki ya Kenya kwa jumla, ambao ndugu zao wametawanyika katika miji mingi ya dunia, wana haki ya kuziona picha za kwao zikitundikwa kwao.

Mfano ulio bora ni wa Sam Ntiro. Alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, katika nchi ya Wachagga, akaenda kusoma Chuo cha Makerere mjini Kampala, ambako Mwingereza aitwaye Margaret Trowell alikuwa ameanzisha mafunzo ya sanaa mwaka 1937. Trowell alikuwa na msimamo uliowashangaza wengi wa wakati wake, kwani hakutaka wanafunzi wake waige michoro ya Ulaya, bali aliwasimulia tukio au kuwataka walifikirie jambo walilolijua tangu utotoni, kisha wakalichora kama lilivyokaa akilini mwao bila kuwekewa kitu chochote mbele cha kukitazama. Kwa kijana aliyekuwa ameiacha Machame nyuma yake, mafunzo hayo yalikuwa sawa na kuambiwa arudi kwao kwa njia ya kumbukumbu. Ntiro aliishika njia hiyo maisha yake yote, na hata alipokwenda kusoma katika Shule ya Slade mjini London kuanzia mwaka 1952 hadi 1955, mahali ambapo mwanafunzi wakati huo alifundishwa kumchora mtu aliyeketi mbele yake kwa vipimo sahihi vya mwili, aliendelea kuchora mashamba, njia za mlimani na watu wanaofanya kazi pamoja.

Picha yake moja inastahili kutazamwa kwa makini. Aliichora mwaka 1956 kwa rangi za mafuta, yaani rangi ya unga iliyochanganywa na mafuta ya mmea ili ikauke polepole na kudumu, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Wanaume Wakimpelekea Bibi Harusi Pombe ya Ndizi Usiku". Pombe inayotajwa hapo, ambayo Wachagga huiita mbege, hutengenezwa kwa ndizi na ulezi, na katika desturi za ndoa za Wachagga haichukuliwi kama kinywaji tu, bali ni sehemu ya mazungumzo kati ya koo mbili, hivi kwamba kuipeleka ni kutoa ahadi na kuipokea ni kuikubali. Katika kazi za Ntiro watu huwa wadogo kuliko miti na mlima, nyuso zao hazina alama za kumtambulisha huyu au yule, na umuhimu wao unatokana na kile wanachokifanya pamoja. Mtazamaji asiyejua desturi huona tu msafara wa watu usiku, lakini Mchagga huona mahari, heshima, na pengine hata huulizana na mwenzake kama vibuyu hivyo vinatosha. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa la New York, mojawapo ya majumba makubwa ya sanaa duniani, na ikawa mali yake. Ilikuwa heshima kubwa kwa Ntiro, ambaye baada ya uhuru wa Desemba 1961 alirudi London akiwa Balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza, lakini ilikuwa pia na maana nyingine isiyosemwa sana: msafara ule wa Machame ulikwenda kukaa mahali ambapo watu wa Machame, isipokuwa wachache mno, wasingeweza kuufuata.

Ntiro aliporudi kufundisha, mmoja wa watu aliowatia moyo alikuwa dereva asiye na elimu ya darasani aliyekuwa akiishi Kampala, Jak Katarikawe. Huyu alizaliwa Kigezi karibu na mwaka 1940, akajifunza kuchora kwa juhudi zake mwenyewe, kisha akahamia Nairobi alikoishi hadi alipofariki mwaka 2018. Sifa yake ilitokana na ng'ombe. Katika picha zake ng'ombe hupendana, hukumbatiana, huona wivu na hushauriana, wakiwa wamepakwa rangi laini zinazoingiana hadi mpaka kati ya mnyama, kilima na anga hauonekani vizuri. Mkosoaji wa haraka anaweza kusema kwamba hizo ni ndoto tu na si mandhari ya kweli ya nyumbani, lakini hoja hiyo inapuuza ukweli kwamba kwa jamii inayofuga, habari za watu na habari za mifugo haziwezi kutenganishwa, kwa kuwa ndoa, ugomvi, faini na msamaha vyote hupitia kwenye zizi. Mfugaji wa Wajir Kaskazini akionyeshwa picha ya Katarikawe hatahitaji kuelezwa kwa nini ng'ombe ana uso wa mtu mwenye mawazo, na huenda akauliza tu kwa nini msanii hakuwachora ngamia.

Picha za aina hii ni tofauti kabisa na zile ambazo mgeni huzichora anapofika katika nchi ya watu. Joy Adamson, aliyezaliwa katika mji ambao leo uko Jamhuri ya Cheki na aliyefika Kenya mwaka 1937, aliagizwa na serikali ya kikoloni awachore watu wa jamii mbalimbali za nchi hii wakiwa katika mavazi yao ya asili, na akaacha mamia ya picha ambazo nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ni hazina ya kumbukumbu, na ushanga, ngozi na mitindo ya nywele aliyoichora kwa uangalifu mara nyingi ni vigumu kuipata leo mahali pengine. Hata hivyo, watu katika picha hizo wamesimama au wameketi ili watazamwe, ilhali watu wa Ntiro wana safari yao na hawana habari kwamba wanatazamwa. Mgeni huchora anachokiona kwa mara ya kwanza, na mzaliwa aliyehama huchora anachoogopa kukisahau.

Baada ya picha kuchorwa, swali linalofuata ni wapi itatazamwa. Nchini Kenya, kwa muda mrefu, jibu lilikuwa majumba ya sanaa ya watu binafsi. Gallery Watatu ya Nairobi, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na wasanii watatu, ilifanya kazi kubwa ya kuwatangaza wachoraji ambao hawakusoma vyuoni, Katarikawe akiwa miongoni mwao, na pasipo jumba kama hilo baadhi ya wasanii hao wangekufa bila kujulikana. Jumba la sanaa la namna hiyo, hata hivyo, ni mahali pa biashara, picha huwekwa ukutani ili iuzwe, na mnunuzi akishailipia huondoka nayo. Kwa kuwa wanunuzi wengi walikuwa wageni na watalii, picha nyingi za Afrika Mashariki ziliondoka nchini, na leo mtu anayetaka kuzisoma vizuri kazi za Katarikawe hana budi kutafuta pia nchini Ujerumani, ambako jumba la makumbusho la mjini Frankfurt lilimfanyia maonyesho yake mwenyewe. Msanii anahitaji kula na hakuna wa kumlaumu kwa kuuza, lakini jamii iliyochorwa nayo ina haja ya kuona kile kilichosemwa kuihusu.

Maktaba ya umma ni mahali pa namna nyingine. Hakuna anayelipa kiingilio, hakuna anayetazamwa kwa shaka kwa sababu ya viatu vyake, na mtu anayeingia kusoma gazeti huikuta picha bila kuifuata. Kando ya picha kuna rafu za vitabu, hivi kwamba mwanafunzi aliyeuona mlima kwenye turubai anaweza kuinuka na kutafuta ramani yake, na mzee aliyeitambua sherehe fulani anaweza kuketi na kumsimulia mkutubi, yaani mtumishi anayesimamia maktaba, ambaye akiwa mwerevu ataandika anachosikia. Maonyesho ya maktaba, kwa hiyo, huwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: huwapa watu kitu cha kutazama, na hukusanya kutoka kwao maelezo ambayo msanii mwenyewe huenda hakuwa nayo.

Kwamba jambo hili linawezekana, tena kwa watu wasio na mali, linathibitishwa na historia ya maktaba moja ya mtaa wa Harlem, New York, iliyoko Barabara ya 135. Watu weusi waliokuwa wakihamia Harlem kutoka majimbo ya kusini ya Marekani na kutoka visiwa vya Karibi waliifanya maktaba hiyo kuwa baraza lao, na mwaka 1921 kulifanyika humo maonyesho ya kazi za wasanii weusi wakati ambapo majumba makubwa ya sanaa ya mji huohuo hayakuwa na nafasi kwao. Mwaka 1926 maktaba ilipokea mkusanyiko mkubwa wa vitabu, maandishi na michoro uliokuwa umekusanywa na Arturo Schomburg, mhamiaji kutoka Puerto Rico. Humo ndimo kijana Jacob Lawrence, aliyezaliwa mwaka 1917 na ambaye wazazi wake walitoka kusini, alimokaa akisoma kabla ya kuchora mfululizo wa picha 60 kuhusu uhamaji mkubwa wa watu weusi, alioukamilisha mwaka 1941. Mambo mawili katika kazi hiyo yana faida kwa msomaji wa Kaskazini Mashariki. La kwanza ni kwamba Lawrence hakuwa amekulia kusini, hivyo alichora nchi ya wazazi wake kutokana na masimulizi ya wazee na vitabu vya maktaba, jambo linaloonyesha kwamba hata mtoto wa mhamiaji anaweza kuichora asili yake endapo atapata mahali pa kuulizia. La pili ni kwamba kila picha aliiandikia sentensi fupi za kueleza kinachotokea, na maandishi hayo ni sehemu ya kazi yenyewe, hayakuongezwa baadaye na mtu mwingine.

Katika Kenya yenyewe, maktaba hazikuanza zikiwa baraza la watu wote. Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931 ilikuwa kwa miaka mingi ya Wazungu peke yao, na Bodi ya Huduma za Maktaba ya Taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, baada ya uhuru. Kaskazini Mashariki ilichelewa zaidi. Wakati wa ukoloni eneo hili, likiitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, lilifungwa, na mtu alihitaji kibali kuingia au kutoka, kisha hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 ikaendelea kuwepo kisheria hadi mwaka 1991. Eneo ambalo kwa miongo mingi lilisimamiwa kwa kanuni za usalama halikujengewa kumbi za sanaa, na picha nyingi za watu wake zilizosambaa nchini na ng'ambo zilipigwa na waandishi wa habari waliofika wakati wa ukame, njaa au mapigano. Mtoto wa Bute anaweza kukua akiwa ameziona picha nyingi za mizoga ya ng'ombe wa kwao, asione hata moja ya harusi.

Na hapo ndipo lilipo jambo zito. Bute, makao makuu ya eneo la Wajir Kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia, iko katika nchi ambayo vitu vyake vyenyewe ni kazi za mikono zenye ustadi wa hali ya juu. Nyumba ya wafugaji wahamaji, ile inayobebwa na ngamia, hujengwa na wanawake, na kwa desturi huanzwa kwa ajili ya bibi harusi, mama na jamaa wa kike wakishirikiana kuisuka. Fito na mizizi mirefu ya miti hupindwa ikiwa mibichi, hufungwa kwa kamba mpaka ikauke na umbo la upinde, kisha hufunikwa kwa mikeka iliyosukwa kwa nyuzi ngumu zenye upande mmoja laini na upande mwingine wenye manyoya ya nyuzi yanayoteremsha maji ya mvua. Siku ya kuhama nyumba hufumuliwa, fito hupangwa mbavuni mwa ngamia zikiinuka juu mfano wa mbawa, na mikeka iliyokuwa paa usiku uliopita huwa tandiko la mzigo. Chombo cha maziwa nacho kina siri zake, kwani husukwa kwa nyuzi nyembamba za mizizi kwa kubana kiasi kwamba hakivuji, na ndani yake huzungushwa vijinga vya mti wenye harufu nzuri ili kukisafisha na kuyapa maziwa ladha ya moshi. Kengele ya ngamia huchongwa kwa mti, ndimi zake zikiwa za mti pia, na mchungaji huitambua sauti ya kengele yake gizani.

Wasomali waliokimbia vita vya mwaka 1991 nchini Somalia walipofika mbali, hivi ndivyo vitu walivyovikumbuka. Minnesota, jimbo lenye theluji kwa miezi mingi na ambalo sasa lina mojawapo ya jamii kubwa zaidi za Wasomali nchini Marekani, lina tangu mwaka 2013 Makumbusho ya Wasomali mjini Minneapolis, na ndani yake kuna nyumba ya wahamaji iliyosimamishwa kwa ukubwa wake wa kweli, vyombo vya maziwa, kengele za mti, na picha za rangi zinazoonyesha ngamia, visima na maisha ya nyikani. Wazee huwaingiza wajukuu wao humo na kuwaeleza matumizi ya kila chombo. Ni kazi njema isiyo na dosari. Lakini inafaa kutafakari kwamba kijana aliyezaliwa Minneapolis sasa ana jengo la kwenda kujifunza jinsi mkeka wa kwao unavyosukwa, wakati kijana aliyezaliwa Bute, ambako mabati na turubai za plastiki zinachukua nafasi ya mikeka hiyo, hana, na bibi anayejua kuisuka anazeeka katika mji huohuo anaoishi kijana huyo.

Kuandaa maonyesho ya picha za mzaliwa aliyehama hakuhitaji jengo la kifahari, ingawa kunahitaji uangalifu. Adui wa kwanza wa picha ni jua, kwa kuwa mwanga wake hufifisha rangi, hasa rangi za maji zilizopakwa kwenye karatasi, na ndiyo maana majumba ya makumbusho huziweka katika mwanga hafifu na kuzipumzisha gizani baada ya miezi michache. Katika jengo lenye madirisha makubwa na jua la Wajir, ukuta unaofaa ni ule usiofikiwa na miale ya asubuhi wala ya jioni. Adui wa pili ni vumbi, ambalo hunata kwenye rangi ya mafuta na haliondolewi kwa kitambaa cha maji. Kwa sababu hizo, na kwa sababu gharama ya kusafirisha na kukatia bima picha halisi kutoka Ulaya au Marekani ni kubwa, ni busara maonyesho ya kwanza yakatumia nakala zilizochapishwa vizuri kwa ridhaa ya msanii, kisha picha halisi zifuate hapo mbele. Nakala haina uzito wa rangi iliyopakwa kwa mkono, lakini hadithi inayosimuliwa ndani yake haipungui.

Maelezo ya picha, yaani kile kikaratasi kinachobandikwa pembeni kikitaja jina la msanii, mwaka, aina ya rangi na kinachoonyeshwa, yanahitaji fikra zaidi huku kuliko mahali pengine. Kwanza, wakazi wa Wajir Kaskazini huzungumza Kisomali na Kiborana, na wengi hutumia Kiswahili shuleni na sokoni, kwa hiyo maelezo ya lugha moja yatawaacha wengi nje, hasa wazee ambao ndio wanaozijua habari zilizomo pichani. Pili, picha ya kisima si jambo jepesi. Visima, malambo na malisho katika eneo hili vimekuwa chanzo cha migogoro kati ya koo, na maandishi yanayosema kwamba kisima fulani ni cha watu fulani yanaweza kusomwa kama hati ya umiliki iliyotolewa na serikali. Msanii aliyeondoka akiwa mtoto hukumbuka kisima cha babu yake kama alivyoambiwa na babu yake, na hana kosa kwa hilo, lakini mkutubi anapaswa kuwaalika wazee wa pande zote kabla ya ufunguzi, awaonyeshe picha na maandishi yake, na awasikilize. Maonyesho yatakayoandaliwa hivyo yatakuwa polepole, tena huenda yakapunguziwa picha mbili tatu, lakini yatakuwa mali ya watu wote.

Mbali na maelezo, kuna suala la dini. Wanazuoni wa Kiislamu wana maoni yanayotofautiana kuhusu kuchora viumbe wenye roho, wengine wakikataza kabisa, wengine wakiruhusu kwa masharti, na mji ambao karibu watu wake wote ni Waislamu una haki ya kuulizwa kabla ya kutundikiwa chochote. Hilo halipaswi kuonekana kama kizuizi. Mandhari ya vilima na migunga, vyombo, mikeka, nyumba na mapambo ya kusuka ni uwanja mpana wa kutosha kwa msanii yeyote, na mashauriano na maimamu yakifanywa mapema huondoa maneno ambayo, yakianza baada ya ufunguzi, huwa hayana mwisho.

Njia ya kuzifikisha picha kwa watu wasioishi mjini nayo ipo tayari, na ilibuniwa hukuhuku. Mwaka 1996 Bodi ya Huduma za Maktaba ya Taifa ilianzisha mjini Garissa maktaba ya ngamia, ikianza na ngamia watatu, ili vitabu viwafuate wafugaji na wanafunzi katika maeneo yasiyofikika kwa gari. Ngamia mmoja hubeba masanduku mawili ya vitabu, kila sanduku likiwa na vitabu vipatavyo 200, mwingine hubeba hema la kusomea, na vitabu hutandazwa juu ya mikeka chini ya hema au kivuli cha mti. Huduma hiyo, iliyofika Wajir pia, ilisifiwa na magazeti ya dunia nzima, mara nyingi kama jambo la ajabu, wakati kwa hakika ni suluhisho la busara kutoka kwa watu wanaoijua nchi yao. Sanduku linalobeba vitabu 200 linaweza kubeba nakala za picha 20 zilizobandikwa kwenye mbao nyepesi, zikaegemezwa kwenye fito za hema huku mwalimu akieleza, na kwa mara ya kwanza picha ya nyumba ya mikeka ikatazamwa na mwanamke anayeishi ndani yake, ambaye ndiye mwenye sifa zote za kusema kama msanii aliipatia au aliikosea.

Maoni ya mtu huyo yana thamani ambayo haijapewa uzito unaostahili. Wataalamu wa New York au Frankfurt wanaweza kuhukumu mpangilio wa rangi, lakini hawawezi kujua kwamba ngamia hafungwi mzigo kwa upande ule, au kwamba chombo kilichochorwa mkononi mwa mwanamume kwa desturi hushikwa na mwanamke. Msanii aliyeishi ugenini miaka 30 naye husahau, au huchanganya mambo ya kwao na aliyoyaona kwa majirani wa kambi za wakimbizi na wa mjini, na kumbukumbu yake huhitaji kurudishwa kwa wenyewe ili ipimwe. Akisahihishwa hatakuwa amedhalilishwa, kwani atakuwa amepewa tena kitu alichokuwa amekipoteza, na picha yake inayofuata itakuwa na nguvu zaidi.

Kikwazo cha sheria hakipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti jukumu la maktaba na la makumbusho, yote mawili chini ya kifungu kimoja cha shughuli za utamaduni, kwa hiyo kaunti inayotaka kutundika picha ndani ya maktaba haihitaji kuomba ruhusa Nairobi. Serikali ya Kaunti ya Wajir, wakutubi wa Wajir na Garissa, na walimu wa Bute wanaweza kuanza kwa hatua moja isiyo na gharama kubwa, nayo ni kuwaandikia wazaliwa wa eneo hili wanaochora, wawe Eastleigh jijini Nairobi, Minneapolis au London, na kuwaomba nakala 20 za picha za kwao. Nao wazaliwa hao, watakapoipata barua hiyo, wasingoje kualikwa mara ya pili. Watume picha, na pamoja nazo waandike majina ya kila kilima, kila chombo na kila mti wanaoukumbuka, ili wazee waliobaki waweze kuyathibitisha au kuyasahihisha wangali hai.